Shimo Katikati ya Ziwa Eyasi

Mwalimu Mkuu hakumruhusu mtu yeyote aliite ziwa letu bwawa. Mgeni akitamka neno hilo, hata kama ni mgeni wa heshima aliyeshuka na vumbi la Karatu mabegani, Mwalimu alimngoja amalize sentensi yake. Kisha aliirudia sentensi nzima kwa sauti ya darasani, ameondoa "bwawa" na kuweka "ziwa", kwa utulivu wa mtu anayemfunga mtoto kifungo cha shati. Wageni wengi walicheka. Yeye hakucheka.

Nimejaribu mara kadhaa kumwandika mtu huyu kwa haki, na kila mara nimejikuta nikiandika mashtaka, au nikiandika utetezi ili nisionekane naandika mashtaka. Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Wapo wanaojua zaidi yangu, na hayo hayaelezi kitu. Nitasema niliyoyaona. Pale ambapo sikuwapo, nitasema sikuwapo.

Ziwa Eyasi, alitufundisha, ni sahani, si chungu. Limelala chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na maji yake huingia kwa mito na chemchemi, lakini hayana njia ya kutoka isipokuwa kwenda juu, kwa jua. Ndiyo maana lina magadi. Jua huondoka na maji na kutuachia ule unga mweupe ambao mama zetu waliukwangua wakaupikia maharage, na ambao wafugaji waliwalambisha ng'ombe. Mwaka wa ukame ungeweza kulivuka kwa miguu na viatu vyako vikabaki vikavu, ukiijua njia. Mwaka wa mvua maji yalirudi hadi kwenye mizizi ya migunga, heroe wakalifunika kwa rangi yao ya waridi, kambale wakatokea tusikokujua, na wavuvi wa Usukumani wakaja na nyavu zao kama watu walioitwa kwa barua.

"Ziwa letu ni mgeni wa ukoo," alipenda kusema. "Akija, anakula vyote. Akiondoka, haagi."

Alilipenda. Nalisema hili mapema kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji alisahau, na mimi mwenyewe hulisahau nikiwa na hasira. Alilipenda ziwa kwa namna ambayo wanaume wa kwetu huwapenda ng'ombe: kwa kulitazama asubuhi kabla ya kuzungumza na mtu. Hata hivyo hakujua kuogelea, na sikuwahi kumwona akiingiza mguu majini. Miguu aliioshea kwenye karai, nyuma ya nyumba ya shule, ameketi juu ya kigoda, ameyapa maji ya ziwa mgongo.

*

Kabla ya Uhuru, mlowezi mmoja wa mashamba ya kahawa ya kule juu alikuwa na kibanda chake cha mapumziko kando ya ziwa. Alijenga na gati fupi la magogo. Siku za Jumapili alishuka na wageni wake, wakapiga bata kwa bunduki, wakanywa, wakatembea majini kwa mashua ndogo yenye tanga, na wachungaji wakalazimika kuwazungusha ng'ombe mbali ili wasiharibu mandhari. Kibanda kilikwisha kwa mchwa. Nguzo za gati zilibaki, zimesimama majini au mchangani kulingana na mwaka, nyeupe kwa magadi.

Mwalimu alitupeleka kuziona nguzo hizo kila mwaka, kama wengine wanavyopelekwa kuona makaburi ya mashujaa. Alizigonga kwa fimbo yake. "Hapa starehe ilikuwa na rangi," alisema. "Sasa haina. Mkulima naye ana Jumapili."

Hilo halikuwa neno tupu. Katika miaka ile ya vijiji vipya, watu walipokuwa bado wanazozana nani amepewa kiwanja cha nani, yeye alikuwa anafikiria burudani. Shule nyingine, kwa Elimu ya Kujitegemea, zilifuga kuku au zililima vitunguu. Sisi tulilima vitunguu pia, lakini mradi aliouonea fahari ulikuwa mashua. Aliiagiza kwa seremala, ya mbao, yenye kitako bapa, ya kusukumwa kwa upondo kwa kuwa maji hayakuhitaji kasia. Jumapili baada ya ibada, mwaka ukiwa na maji, kijiji kizima kilikuwa na haki ya kupanda. Wakulima waliokuwa wameinama juma zima walikaa wima kama watu wanaopigwa picha. Wanawake walijifunga khanga zao za kanisani na kukataa kugusa ukingo.

Mama yangu aliposhawishiwa kupanda kwa mara ya kwanza alikaa katikati kabisa, ameshikilia mbao aliyoikalia kwa mikono miwili. "Kama Mungu angetaka nikae juu ya maji," alisema, "angeniumba bata."

"Kaa hivyo hivyo, mama," Mwalimu alimjibu kutoka nchi kavu. "Bata naye aliogopa siku ya kwanza."

"Mbona wewe hupandi?"

"Mimi ni refa."

Na kweli alikuwa refa, hata wa mpira. Katika miaka ya ukame, sakafu ya ziwa ilipokuwa uwanda mweupe unaoumiza macho, tulichezea mpira humo. Chokaa haikufaa kuchora mistari juu ya ardhi nyeupe, kwa hiyo alituagiza tuponde mkaa, na uwanja wetu ukawa kinyume cha viwanja vyote vya nchi hii: mistari myeusi juu ya ardhi nyeupe. Wazee waliketi nje ya mstari juu ya vigoda, wakibishana naye bila huruma.

"Refa, lile lilikuwa goli!"

"Aako, babu yangu, ulikuwa umekaa wapi?"

"Hapa hapa nilipo."

"Basi wewe mwenyewe uko ofsaidi."

Wazee walicheka hadi wakafuta machozi, na Mwalimu akapuliza filimbi kuwanyamazisha. Sijawahi kuona tena, hata katika viwanja vikubwa vya Dar es Salaam, watu wakifurahi kiasi kile pasipo mtu kuwauzia kitu.

*

Sasa nifike kwenye fimbo.

Alichapa. Walimu wote wa wakati ule walichapa, na sitaki kumfanya wa pekee katika hilo. Upekee wake ulikuwa katika uchunguzi. Kuoga ziwani bila ruhusa lilikuwa kosa kubwa shuleni kwetu, na kila Jumatatu alipita kwenye mistari ya wanafunzi akikwaruza mkono wa kila mmoja kwa ukucha wa kidole gumba. Maji ya magadi yakikaukia mwilini huacha unga usioonekana. Ukucha ukipita, mchirizi mweupe hubaki. Mchirizi ukibaki, fimbo ilifuata. Tulijifunza kujipaka mafuta ya ng'ombe. Naye akajifunza kunusa.

Kaka yangu Tluway alikuwa na mchirizi kila Jumatatu. Hakujipaka mafuta. Alinyoosha mkono kabla ya kuombwa, na siku moja, akiwa darasa la nne, alipokwisha kuchapwa alimwambia Mwalimu kwa adabu zote, "Shikamoo, Mwalimu. Sitarudi." Hakurudi. Akawa mchungaji wa mbuzi wa baba na mjuzi wa maji. Miaka michache baadaye, mashua ilipohitaji mtu wa kuisukuma, Mwalimu huyohuyo alimtuma mtu kumwita, na Tluway alikuja kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea. Jumapili baada ya Jumapili walifanya kazi pamoja, mmoja juu ya maji na mwingine ufukweni, wakielewana kwa ishara za mikono.

Lakini fimbo haikutosha kuwazuia watoto, na Mwalimu alilijua hilo. "Fimbo humfikia mtoto aliyekwisha kurudi," aliwaambia walimu wenzake mbele yetu. "Hofu humfikia angali njiani." Kwa hiyo akatengeneza shimo.

Nimelichagua neno hilo kwa makusudi. Darasa la tano, katika somo la jiografia, alitufundisha kwamba katikati ya ziwa kuna shimo. Alikuwa amefunga kamba ya bendera kwenye kamba ya kisima, alisema, akafunga jiwe, akalishusha, na jiwe halikufika. Hakuna aliyemuuliza alifikaje katikati ya ziwa mtu asiyepanda mashua. Mwanafunzi mmoja aliuliza jambo jingine: "Mwalimu, chini ya shimo kuna nini?"

"Hakuna chini."

Ukutani, kwenye ramani kubwa ya ziwa tuliyoichora kwa rangi, alipaka duara kwa lami. Lilikuwa jeusi kuliko kitu chochote darasani. Tuliliamini. Mimi niliamini hadi chuo kikuu, au tuseme sikupata sababu ya kuacha kuamini, jambo ambalo si sawa na kuamini, ingawa matokeo ni yaleyale.

Na mtu huyohuyo ndiye aliyenifundisha kupima. Mwanafunzi akisema "ziwa ni kubwa", alimsimamisha. "Usiniambie kubwa. Niambie kiasi gani." Alitufundisha kupima urefu wa mti kwa kivuli chake, upana wa mto bila kuuvuka, umbali wa radi. Nilipofaulu kwenda sekondari, baba akaona afadhali niolewe, Mwalimu alikuja nyumbani kwetu jioni tatu mfululizo. Hakubembeleza. Alikaa, akanywa maziwa aliyopewa, akamwambia baba, "Huyu nitamdai kwako hadi umtoe," akaondoka, akarudi kesho yake. Baba alinitoa, nadhani, ili apate kula chakula chake kwa amani. Kila nilichosoma tangu hapo kimepita katika mlango ule aliousimamia yeye. Hilo nalo ni kweli, na halifuti lolote kati ya yanayofuata.

*

Mwanawe aliitwa Paskali. Alikuwa mtoto mrefu kwa umri wake, mtulivu, wa darasa la sita, ambaye alimwita baba yake "Mwalimu" hata nyumbani mezani, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyoagizwa ili asionekane anapendelewa. Kwake Mwalimu aliulegeza mkono katika jambo moja tu: mashua. Paskali aliipenda kupita kiasi, na wageni walipokwisha kushuka aliruhusiwa kupanda peke yake na Tluway kwa mzunguko wa mwisho.

Sikuwapo siku hiyo. Nilikuwa bwenini, mbali, katika mwaka ule wa mvua kubwa ziwa lilipojaa hadi likazilamba nguzo za mlowezi karibu na vichwa vyake. Ninayoyaeleza nimeyapata kwa Tluway, na Tluway hakuwahi kunidanganya hata pale uongo ungemfaa.

Mwalimu alitoa ruhusa kwa kuinua mkono. Tluway na Paskali walikwenda mbali kiasi cha sauti kutosikika vizuri. Ziwa lile huwa na upepo wa alasiri ambao hushuka ghafla kutoka ukutani kwa Bonde la Ufa. Mashua yenye kitako bapa haiupendi. Ikapinduka. Tluway alianguka, akasimama. Ndivyo alivyoniambia, kwa maneno hayo mawili: "Nikaanguka, nikasimama." Maji yalimfika kiunoni. Paskali alikuwa ameshika ubavu wa mashua, amekunja miguu yake juu, magoti yamegusa kidevu, kama mtu anayeogopa kukanyaga nyoka. Tluway alimpigia kelele asimame. Akapiga tena. Upepo ulikuwa unaisukuma mashua mbali, na matope ya ziwa lile humshika mtu miguu kama mdai. Tluway alikuwa bado njiani mikono ya Paskali ilipochoka. Mtoto alikwenda chini miguu ikiwa imekunjwa vilevile.

Alizama mahali ambapo angeweza kusimama.

Siku ya tatu baada ya maziko, Mwalimu alikwenda mbele ya wazee, akasema kwamba Tluway alikuwa amempeleka mwanawe kwenye shimo. Alikuwa ameonywa, alisema. Kila mtoto wa shule alijua shimo lilipo. Aliyetoroka shule ndiye ambaye hakujua. Tluway alipopewa nafasi alisema, "Hakuna shimo. Nilisimama." Mzee mmoja alimjibu kwamba shimo ni shimo, na aliyesimama ukingoni hawezi kusema halipo.

Kwetu kuna kutengwa. Jambo hilo halihitaji polisi wala mahakama. Aliyetengwa haitikiwi salamu. Mtu hampi moto wa kuwashia wala hapokei kwake. Mbuzi wake wakichanganyika na wa jirani, jirani huwatoa wake kimya kimya, akaondoka. Na sheria yake ni moja: aliyepeleka shtaka ndiye pekee anayeweza kuliondoa, kwa kinywa chake, mbele ya wazee walewale. Tluway alivumilia hadi kiangazi. Asubuhi aliyoondoka kwenda Mererani, kwenye machimbo, hakuwa na mtu wa kumuaga isipokuwa mama, na mama alimuaga akiwa ndani ya nyumba ili majirani wasione.

*

Mashua ilipasuliwa ikawa mbao za madawati. Hapakuwa na Jumapili tena. Watu walirudi kulitazama ziwa kama walivyolitazama wakati wa mlowezi, kwa mbali, kama mali ya mtu. Mwalimu aliendelea kufundisha, lakini nguo zake zikaanza kumpwaya. Nilipokuja likizo niliona jambo ambalo sikulielewa wakati ule: duara la lami kwenye ramani lilikuwa limepakwa upya, na lilikuwa kubwa zaidi.

Alipostaafu alihamia Buger, kule juu ambako kuna ukungu na mahindi, na ziwa halionekani kutoka popote.

Mimi nilikwenda kusoma udongo na matope ya maziwa. Sidai kwamba nililichagua somo hilo kwa ajili ya kaka yangu. Watu hupenda kuyapanga maisha yao kwa namna hiyo baadaye. Lakini nilipotakiwa kuchagua ziwa kwa ajili ya shahada ya uzamili, sikufikiria kwa muda mrefu. Miaka ile sukari ilikuwa ya kupanga foleni na dizeli ya kuomba. Nilikodi mtumbwi wa wavuvi, nikapima ziwa lote kwa kamba yenye alama, mstari baada ya mstari.

Nilijua swali ambalo ningeulizwa: maji ya leo si maji ya mwaka ule. Nguzo za mlowezi zilinijibu. Kila kimo cha maji kimeacha juu yake pete ya magadi, na pete ya mwaka wa Paskali iko juu ya nyingine zote. Nikaongeza tofauti hiyo kwenye vipimo vyangu vyote. Kisha nikajiuliza, je, shimo haliwezi kuwa limejazwa na matope tangu hapo? Nikazamisha bomba mahali ambapo Tluway alinielekeza nilipomtembelea Mererani, na mahali pa jirani, na pa jirani ya jirani, nikavuta matope. Tabaka zake zilikuwa zimelala sawasawa, moja juu ya nyingine, kama khanga zilizokunjwa sandukuni. Hakuna kilichowahi kuzivuruga. Shimo halikuwapo mwaka ule, wala enzi za mababu, wala kabla ya kuwapo mtu wa kuliogopa. Yote hayo yamo katika tasnifu yangu, kwa Kiingereza, lugha ambayo wazee wa kijiji chetu hawaisomi.

Mama yangu alikuwa ameanza kupoteza macho. Neno lake lilikuwa moja. "Nataka nimuone Tluway wakati ningali namuona." Tluway alikuwa amekwisha kunijibu Mererani kwamba hatakanyaga mahali ambapo salamu yake haiitikiwi. Kwa hiyo nilipanda lori hadi Karatu, na kutoka Karatu hadi Buger.

*

Nilimkuta ameketi nje kwenye jua la asubuhi, ndani ya koti zito. Mkewe, Mama Paskali, alikuwa anapukuchua mahindi hatua chache kutoka kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekonda. Wanakulisha vitabu huko?"

"Vitabu vimepanda bei, Mwalimu. Tunakula barua."

Alitabasamu. Nilimwambia nilichokuwa nimefanya, tangu mwanzo. Alinisikiliza kama zamani, kichwa kimeinama upande mmoja, na nilipomaliza alianza kunihoji.

"Kimo cha maji cha mwaka ule umekipataje?"

"Kwenye nguzo za gati."

"Nguzo huzama. Umehakikisha hazijazama?"

"Nimelinganisha na jiwe la ufukweni."

"Na matope?"

Nikamwambia kuhusu tabaka. "Vizuri," alisema, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia akiweka alama ya vema kwenye daftari. Nasikitika kusema kwamba nilifurahi. "Kwa hiyo kina ni kiasi gani?"

"Kiunoni kwa mtu mzima, Mwalimu. Kwa Paskali, kifuani."

Punje za mahindi ziliacha kudondoka.

"Na unataka nini?"

"Useme mbele ya wazee kwamba shimo halikuwapo. Mama anapofuka. Anataka mwanawe."

"Nikisema halikuwapo," alisema polepole, "wataniuliza mtoto alilitoa wapi."

"Hawatakuuliza." Mama Paskali ndiye aliyesema. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akikatiza maneno ya mumewe. "Walikuona. Uliingia na viatu vyako, ukamfuata mtoto, ukatembea. Tluway alikupa, ukambeba mikononi, ukarudi naye ukitembea. Maji hayakupita mkanda wako. Kijiji kizima kilikuwa ufukweni. Nani hakuona?"

Mimi sikuwa nimelijua hilo. Niliketi pale na vipimo vyangu vyote, na pete zangu za magadi, na bomba langu la matope, na ikanijia kwamba nilikuwa nimetumia miaka kuthibitisha jambo ambalo kila mtu mzima wa kijiji chetu alikuwa ameliona kwa macho yake mchana kweupe, kisha akaenda kuketi katika kikao na kumtenga kaka yangu.

"Kama waliona," Mwalimu alisema, "basi hawana haja na neno langu."

"Wanalihitaji," nilisema. "Bila neno lako hawana ruhusa ya kuwa waliona."

Mwalimu alijifunika koti vizuri zaidi. "Nitakuja," alisema. "Tukishavuna."

"Kuvuna nini?" Mama Paskali aliinua gunzi. "Haya unaona ni nini?"

Kisha Mwalimu aliniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu siku ile, na ambalo hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza, kwa kuwa aliyejua alikuwa ametengwa.

"Tluway alimwambia asimame?"

"Ndiyo, Mwalimu. Mara nyingi."

"Mtoto alimjibu nini?"

Nilikuwa najua. Tluway alikuwa ameniambia Mererani, usoni ana vumbi la mgodi, akitazama pembeni. Nilikuwa nimeapa safari nzima kwamba hilo nitalihifadhi. Lakini mtu aliyeniuliza ndiye aliyenifundisha kutosema "kubwa". Na sikuwa nimemsamehe. Sijui hata leo ni sababu gani kati ya hizo mbili iliyofungua kinywa changu.

"Alisema, 'Mwalimu amesema hakuna chini.'"

Mama Paskali alijifunika uso kwa khanga. Mwalimu alibaki akitazama shamba. Midomo yake ilisogea mara kadhaa bila sauti, na mwishowe akasema, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Alikuwa mtoto msikivu."

Baadaye kidogo mkewe alisimama, akajikung'uta makapi, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu. "Twende, binti yangu," aliniambia, "kabla lori halijapita." Hakumwambia mumewe neno, naye hakuuliza tunakwenda wapi. Tulikuwa tumekwisha kufika barabarani Mwalimu alipotokea nyuma yetu, anatembea polepole, mkononi ana sweta. Nilifikiri anakuja. Moyo wangu ulifikiri hivyo kabla yangu. Alimpa mkewe sweta. "Jioni kutakuwa na upepo," alisema, na lori liliposimama alirudi hatua mbili ili lisimrushie vumbi.

Mama Paskali alisema peke yake mbele ya wazee. Alisema yote: shimo, lami, viatu, mkanda. Alisema amesimama, mikono imeshika ncha za khanga, na hakuna aliyemkatiza. Mama yangu alikuwa ameketi nyuma ya wanaume, uso ameuelekeza kule sauti ilikotoka. Mama Paskali alipomaliza, wazee walitazamana. Yule mkubwa wao, ambaye zamani aliketi kwenye kigoda nje ya mstari wa mkaa akicheka hadi machozi, alikohoa, akamshukuru kwa kuja kutoka mbali.

"Tumekusikia, mama," alisema. "Na Mwalimu mwenyewe amesema nini?"